JIKO LA KUNI NA DOHANI UKUTANI
Maneno yaliyosemwa mbele ya wenyeji wa Laela, Ufipa



Tumeombwa kusema juu ya jiko la kuni lijengwalo ndani ya pango la ukutani, yaani kidaka kikubwa kilichoachwa katika ukuta wa nyumba, chenye dohani ya kupeleka moshi juu ya paa. Neno hili laweza kuonekana dogo. Lakini ninyi mkaao juu ya uwanda huu mwaijua baridi ya mwezi wa Juni na Julai, jinsi upepo upitavyo juu ya majani bila mti wa kuuzuia. Usiku kila nyumba hufunga mlango, watoto husogezwa karibu na mafiga matatu, na moshi huwa ndio blanketi lao.

Moshi huo si rafiki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 3.2 walikufa katika mwaka 2020 kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na katika hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Waumiao zaidi ni wale wakaao jikoni zaidi, nao ni mama na mtoto aliye mgongoni mwake. Serikali ya Tanzania nayo ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wa miaka 10, ikiazimia kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi. Jiko tulisemalo leo si gesi wala umeme, wala hatudai kuwa ni safi kama hivyo. Lakini yule atakayepikia kuni kesho na mwaka ujao, heri moshi wake utoke nje.

Basi msidhani kwamba dohani ni elimu ya kigeni. Babu zenu Wafipa walijenga malungu, tanuri ndefu za udongo kupita kimo cha mtu, wakayeyusha ndani yake mawe ya chuma. Tanuri hiyo haikuvukutwa. Matundu yaliachwa chini, moto ukapanda, na kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, ikaivuta hewa baridi iingie nyuma yake. Mivukuto ilitumika baadaye tu, katika tanuri ndogo ya kusafishia chuma. Dohani yafanya kazi ile ile ya malungu. Ikiwa fupi, haivuti. Ikiwa pana mno, moshi hupoa njiani na kurudi chumbani. Hata Waingereza walisumbuliwa na jambo hili, mpaka Benjamin Thompson, aliyeitwa Count Rumford, alipochapisha mwaka 1796 maandiko juu ya meko zao, akawaambia walipunguze koo la dohani. Walikuwa wamekaa na moshi miaka mingi katika nyumba za fahari.

Sasa kazi yenyewe. Chagueni ukuta wa matofali ya kuchoma, si wa miti na udongo. Pango liwe na upana wa futi 4 na kina cha futi 2 na nusu, na sakafu yake iinuliwe kwa matofali ili mama asipike akiwa ameinama. Hapo jengeni jiko lenye mdomo mmoja mdogo wa kutia kuni na matundu mawili ya vyungu. Chungu kikae sawasawa katika tundu lake. Mwanya ukiachwa, moshi hutokea hapo. Udongo wa kuungia ni ule wa kichuguu, uliochanganywa na mchanga na majani yaliyokatwa vipande vidogo. Saruji msiiweke karibu na moto, maana hupasuka.

Mtu aliyenunua jiko la chuma asilisukume mpaka liguse ukuta. Aache nafasi ubavuni na nyuma, hewa ipite na joto litoke kuja chumbani, la sivyo atakuwa akiuotesha moto ukuta peke yake.

Dohani iwe na nafasi ya inchi 6 kwa ndani. Toka jikoni mpaka juu isipungue futi 12, na 15 ni bora, tena ipite kilele cha paa kwa futi 2. Hapa twawasihi sana. Bomba la bati lisilofunikwa likae mbali na boriti na kila kitu cha mti kwa inchi 18. Na mwenye nyumba ya nyasi asipitishe bomba katika paa kabisa; aijenge dohani ya matofali nje ya ukuta, nayo ipande futi 6 kupita kilele, kwa ajili ya cheche. Nyumba hutekea kwa dakika chache, na upepo wa Ufipa mwaujua.

Jiko likiisha kujengwa, liacheni likauke majuma mawili au matatu, kisha washeni moto mdogo siku kadhaa kabla ya moto wa kupikia.

Wazee wengine wametuambia, "Moshi hulinda mbegu za mahindi zilizotundikwa darini, tena huzuia wadudu katika nyasi za paa." Maneno haya ni ya kweli, nasi hatuyabezi. Lakini mbegu yaweza kutunzwa katika mifuko ya tabaka tatu inayofungwa isipitishe hewa, ambayo wengi huiita kinga njaa. Na atakaye kutundika, ajenge kibanda chake cha moshi uani. Mapafu ya mtoto hayana mfuko.

Wengine huona baridi, wakaingiza jiko la mkaa katika chumba cha kulala na kuziba madirisha. Msifanye hivyo kamwe. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hufa usingizini bila kukohoa. Kwa sababu hiyo hiyo msizibe dohani usiku makaa yangali mekundu, mkidhani mnalinda joto. Matofali ya pango yenyewe hukaa na joto muda mrefu. Tena acheni tundu ukutani la kuingizia hewa.

Kuni zipasuliwe na kuanikwa tangu Mei mpaka Oktoba. Kuni mbichi huutumia moto kukausha maji yake zenyewe, na moshi wake huacha ulimbo mweusi dohanini, ambao siku moja huwaka. Mwaka ni kwa mwaka, kabla ya mvua za Novemba, apande mtu na kusugua dohani kwa fundo la matawi lililofungwa kamba. Masizi yatokayo msiyamwage penye majani makavu mpaka yamepoa.