Waliorudi Kutoka Burma
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ukumbi wa Kaloleni)



Kila siku tunanunua nyama Soko la Burma bila kuikumbuka nchi yenye jina hilo. Mwaka 1944 askari wa KAR, babu zetu, walipigana na Wajapani huko, katika bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria. Vita vikaisha 1945. Wakarudi.

Walikuta nini? Askari Mzungu alifanyiwa mpango wa shamba na mkopo. Mwafrika alikuta kodi ile ile, na hapa Nairobi akapewa nafasi ya kitanda, maana nyumba nyingi za mitaa hii zilijengwa kwa mwanamume wa peke yake. Mtu aliyefyatua mzinga hakuwa na pa kuwalaza watoto wake!

Basi wakaanza kusema. Bildad Kaggia, aliyetumika jeshini, akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Tarehe 23 Aprili 1950, humu humu ukumbini, Makhan Singh alidai uhuru waziwazi. Mwezi Mei yeye na Fred Kubai wakakamatwa, na mji ukagoma zaidi ya wiki nzima. Makhan Singh hakufunguliwa mpaka 1961.

Hao tunawajua kwa majina. Wale wengine je? Masanduku yetu nyumbani yana medali na vyeti vya jeshi vinavyoliwa na mende. Tunaomba mwenye cheti cha babu yake akilete ofisini Jumamosi, tunakili jina, kikosi, na kazi aliyoifanya baada ya vita. Cheti atarudi nacho siku hiyo hiyo.