Mmea Usio na Haraka

(Maneno ya mwanachama mmoja katika sherehe ya miaka kumi ya chama chetu, Lushoto)



Kamati ya sherehe imenipa dakika kumi niongee juu ya mimea yangu ya miiba. Naona wengine mmeshaanza kucheka. Mmezoea kuniuliza pale barazani kwangu: "Mama, hii miiba inaliwa? Inauzwa? Mbona haikui?" Haya, leo nitajibu yote matatu.

Tuanze na jina. Ukishuka na basi hadi Mombo, kisha ukashika njia ya kwenda Same, utaona nyikani mimea minene ya miiba isiyo na majani. Wengi tunaiita kaktasi. Mingi ile siyo, ni jamii ya minyaa. Ukiikata inatoa utomvu mweupe, na utomvu ule ukiingia jichoni ni hatari, hasa kwa watoto. Kaktasi kwao ni bara la Amerika, na huo mpungate wetu ulitoka huko huko, kama mahindi yetu na maharage yetu. Ni aina moja tu inayojiotea yenyewe katika misitu ya mvua ya Afrika. Hiyo huning'inia kwenye miti kama kamba za kijani, na ndege ndio wanaoisambaza.

Sasa, mbona haikui? Akina mama, inakua, ila haina haraka. Huko kwenye jangwa la Sonora, Mexico na Marekani, kuna kaktasi kubwa iitwayo saguaro. Katika miaka 8 ya kwanza hupata kimo cha sentimita 3 au 4 tu. Maua ya kwanza huyatoa ikiwa na miaka kama 35. Kutoa tawi inaweza kuchukua miaka 50 hadi 75. Lakini huishi zaidi ya miaka 150 na kupita urefu wa mita 12.

Sababu yake ni hii. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa, na maji yakapotelea humo humo. Kaktasi hufunga mchana kwenye jua kali, ikafungua usiku kukiwa na ubaridi. Maji yanabaki mwilini, lakini hewa inayoipata ni kidogo, na chakula inachotengeneza nacho ni kidogo. Ni kama yule mwanachama anayetoa hisa kwanza, ndipo ale kinachobaki. Hanenepi upesi, lakini kiangazi kikija kinamkuta amesimama.

Kwa wanaotaka kujaribu, nisikilizeni vizuri, maana hapa kwetu milimani si jangwani. Kuna masika, kuna vuli, kuna ukungu. Kaktasi nyingi hapa huuawa na maji, na anayeyamwaga ni mtu anayezipenda. Chukua kopo, litoboe matundu chini. Changanya sehemu moja ya udongo wa shamba na sehemu mbili za mchanga wa mtoni na vikokoto. Samadi mbichi usiweke. Kopo likae chini ya paa, upande unaopata jua la asubuhi, mvua isilifikie. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu uache hadi udongo ukauke kabisa. Ingiza kijiti, kikitoka na unyevu, ondoka. Baridi ya Juni hadi Agosti, karibu uache kabisa kumwagilia. Ukikata kipande cha kupanda, usikipande siku hiyo. Kiweke kivulini wiki moja, kidonda kikauke, vinginevyo kitaoza. Na unapokishika, kunja gazeti ulizungushe, usije ukalala na miiba mkononi.

Sasa lile swali la kuliwa na kuuzwa. Mpungate matunda yake huliwa, hilo ni kweli. Haya makopo yangu hayaliwi, wala siuzi. Basi ya nini?

Wenzangu, sisi kila tunachopanda kina soko. Kabichi, karoti, hoho, vyote vinapanda lori usiku kwenda Dar es Salaam. Shilingi yetu inapata jina kabla haijaingia mkononi: hii ada, hii mbolea, hii dawa, hii marejesho ya mkopo. Shida ikigonga, kuku anauzwa, mbuzi anauzwa, kibubu kinavunjwa. Kopo la miiba hakuna anayelitaka. Nilitaka nyumbani kwangu kitu kimoja ambacho hakuna mtu atakayeniuliza kimeingiza shilingi ngapi. Jioni, kazi zikiisha, nakaa nacho robo saa. Hiyo robo saa ni yangu. Nadhani mwanamke anayefanya kazi tangu alfajiri anastahili robo saa yake, na asiione kuwa ni uvivu.

Naomba pia tuwekeane masharti mawili.

La kwanza, tusing'oe mimea porini. Wataalamu walipozikagua kaktasi za dunia, walitoa taarifa mwaka 2015 kwamba katika kila aina 100, aina 31 zimo hatarini kutoweka, na moja ya sababu kubwa ni watu kuzing'oa kwa ajili ya kufuga na kuuza. Mmea unaotumia miaka thelathini kupata ua unang'olewa kwa dakika moja. Mimea minene ya nyika yetu nayo ni hivyo hivyo. Akija mtu na gari akaahidi fedha mchimbiwe, mkataeni. Kipande au mbegu ya jirani inatosha.

La pili, vipande vya mpungate msivitupe kando ya njia wala mtoni. Kila kipande kinaota. Laikipia, kule Kenya, mpungate ulipelekwa wakati wa ukoloni uwe ua. Leo umefunika malisho ya wafugaji, na mbuzi wanaokula matunda yake wanaumizwa midomo na matumbo na vile vimiiba vidogo. Mmea usio na haraka ukishatoka mikononi mwako, kuurudisha ni kazi ya vizazi.

Sitaki mniambie kwamba kinachoanza kidogo hakifiki. Sisi ni watu wa Tanga. Mkonge nao ulitoka Mexico, na mwaka 1893 Dk. Hindorf alipouleta, katika miche yake ilifika hai 62 tu. Mashamba ya mkonge mnayoyapita mkienda Korogwe yalianzia kwenye hiyo miche 62. Na sisi daftari letu la kwanza la hisa mnalikumbuka lilikuwa na kurasa ngapi zilizoandikwa.

Katika daftari la hisa kila mmoja wetu ameandika jina la mrithi. Mimi na makopo yangu nimeyaandikia mrithi, mjukuu wangu, maana mengine sitayaona yakitoa ua. Hilo halinisumbui.

Pale mezani nyuma nimeleta vitoto vya kaktasi, kimoja kwa kila mwanachama. Mchukue bure. Tukijaliwa kufikisha miaka ishirini ya chama, kila mmoja aje na kopo lake tuyapange hapa mbele. Atakayekuja na kopo tupu tutajua alizidisha maji.

Chama chetu kidumu!