Mwandiko Mbovu Si Uvivu
(Hotuba kwa wanachama na wazazi, Kachibora)



Sisi walimu twataka kusema juu ya mtoto ajibuye vizuri kwa mdomo, lakini akishika kalamu hukwama. Huandika b mahali pa d, huruka herufi, hunakili ubao polepole mno. Zamani tulimwita mvivu, tukamchapa. Kiboko kilikatazwa shuleni mwaka 2001, lakini ulimi wa dharau bado wapiga.

Kwanza twachunguza. Je, auona ubao? Asikia? Ni wa mkono wa kushoto aliyelazimishwa wa kulia? Au alikosa shule wakati wa kuvuna mahindi? Huyo ataka masomo aliyokosa tu. Lakini kosa lile lile likirudi katika madaftari ya miezi mingi, twajua ni shida ya kuandika.

Hapo twamketisha mbele, aandike herufi kubwa mchangani kwa kidole, twampa muda zaidi na kumwuliza kwa mdomo. Asiposonga, apelekwe kituo cha kupima watoto. Vituo hivyo vilianzishwa nchini mwaka 1984.

Tangu ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2003, madarasa yalifurika. Mwalimu mmoja hawezi kutazama kila daftari. Basi tudaipo walimu zaidi, twamdaia mtoto huyu pia.

Nanyi wazazi, msimtoe shule kwa sababu ya daftari chafu. Lileteni, tulitazame pamoja.

Umoja ni nguvu.