Treni Iende Kasi, Lakini Isitupite

Hotuba iliyotolewa Mbozi Mission mbele ya kamati za sharika na wageni wafadhili



Tangu Agosti 2024, ilipozinduliwa rasmi treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, vijana wetu wanauliza: Mbeya na Tunduma lini? Treni ile hufikia kilomita 160 kwa saa. Safari iliyokula siku nzima kwa basi sasa huchukua takriban saa nne, na nauli ya treni ya kawaida ilianza kwa shilingi 31,000.

Swali lao ni la haki. Majuzi nilimsindikiza ndugu yangu mgonjwa kwenda Mbeya. Foleni ya malori ilitushika barabarani tangu asubuhi hadi mchana, naye analalamika kiti cha nyuma. Siku ile ningeuza hata ng'ombe nipate treni.

Wapo watakaosema reli tunayo. Ni kweli. TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo inapita hapa Vwawa. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua. Lakini tusijidanganye: shabaha yake kubwa ni mizigo, hasa shaba. Treni ya kasi ya abiria huhitaji njia mpya isiyo na kona kali.

Njia hiyo huzungushiwa uzio, maana treni ya kasi haiwezi kusimama ghafla. Leo mama akitoka shambani na kikapu cha kahawa anavuka reli popote. Kwenye reli mpya atavuka penye daraja au kivuko cha chini tu. Kikiwekwa mbali, shamba lake limehama bila yeye kuhama. Tena treni ikisimama kila kijiji, kasi yake imekwisha. Basi wengi wetu tutaiona ikipita tu.

Sisemi tuikatae. Nasema tujiandae kabla wapimaji hawajafika. Kila kamati ihesabu watu wake wanaosafiri kwenda Mbeya na Tunduma kwa mwezi: wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara. Iorodheshe njia za miguu na za mifugo zinazovuka reli. Iwahimize wenye mashamba kupata hati, kwani asiye na karatasi hupata shida kudai fidia.

Kwa wafadhili wetu, ombi ni dogo: tusaidieni gharama za upimaji wa mashamba, hasa ya wajane. Kituo na vivuko tutaviomba serikalini wenyewe, tukiwa na hesabu mkononi.