Ukishavuna Mpunga, Funga Banio

Ndugu mkulima wa Usangu, umepata kujiuliza mto Mbarali unatoa wapi maji mwezi wa Septemba, na mvua zilikwisha zamani? Ni maji ya ardhini hayo. Mvua ya masika inazama kule milimani, halafu inatoka polepole kwenye chemchemi na kingo, mpaka mvua nyingine. Huku chini tambarare, mahali maji ya ardhini yalipo chini kuliko mto, mambo hugeuka: mto ndio unaopoteza maji, yanazama mchangani. Kwa hiyo maji ya kiangazi ni kidogo tangu mwanzo.

Sasa wewe umeshavuna, banio bado wazi! Maji yanatanda kwenye majaruba matupu. Mengine yanazama, mengi yanachukuliwa na jua. Utasikia, "Ya bata wangu." Sawa, bata naye anywe, lakini siyo mto mzima. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi chini ya Ihefu.

Kaeni na kamati yenu ya maji. Mfereji mmoja ubaki kwa matumizi ya nyumbani, kwa zamu. Mingine yote ifungwe hadi msimu ujao.