Hoja ya Ukaguzi Kuhusu Dawa ya Kupe
(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu wa vyama vya wafugaji)



Nimetakiwa nieleze kwa nini nimeandika hoja juu ya fungu la dawa ya kuogesha ng'ombe. Mimi si daktari wa mifugo, ni mtu wa vitabu vya hesabu. Lakini hoja hiyo haieleweki pasipo kumfahamu kupe.

Katika chama kimoja cha Temeke nilikuta fungu hilo limehamishiwa kwenye dawa za sindano. Kamati ilidai kuwa kuogesha ni gharama ya kila wiki, bali sindano ni ya siku ya ugonjwa tu. Mama mmoja mwanachama alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Wa kwanza alivimba tezi chini ya sikio, akahema kwa shida, akadungwa tetrasaiklini mara tatu, akafa. Ilikuwa ndigana kali. Tetrasaiklini huua bakteria, na kijidudu cha ndigana kali si bakteria. Dawa hiyo hufaa kwa ndigana baridi na maji moyo, ambayo kweli huletwa na bakteria wanaosafiri na kupe.

Wa pili akashikwa na ndigana baridi, ingawa hakuwa na kupe wengi. Nikauliza sindano zi wapi. Nikaonyeshwa moja, ya chama kizima! Ndigana baridi huambukizwa pia kwa sindano yenye damu.

Mwilini mwa kupe mna bakteria wa namna nyingi, na wengine ni riziki yake. Damu ina upungufu wa vitamini B, nao humtengenezea. Mwaka 2018 wataalamu wa Ufaransa waliwaua bakteria wa papasi, yule yule wa nyumba zetu za udongo. Papasi wachanga wakadumaa, na walipopewa vitamini hizo wakakua. Papasi huyo ndiye Robert Koch aliyemchunguza hapa nchini mwaka 1905, akaona vijidudu vya homa ya papasi hata ndani ya mayai yake.

Basi kumtibu ng'ombe hakumwondoi kupe bandani, na majani tunayokata mabondeni huleta wengine.

Nataka fungu la kuogesha lirudishwe, sindano ziandikwe katika leja kwa idadi, na jina la mganga wa mifugo aliyepima lionekane kwenye hati ya malipo. Majibu yanifikie kabla ya mkutano mkuu. Yule mama bado anakatwa mkopo wa ng'ombe wote wawili.