Ardhi ya Salgaa Imo Kwenye Karatasi ya Molo

Hotuba kwa wakazi wa Salgaa, Kaunti ya Nakuru



Mtu anayetaka kuchimba kisima hapa Salgaa hutafuta pesa kwanza, kisha mtambo. Wachache huanza na karatasi. Ilhali karatasi ipo, na umri wake umepita miaka 50.

Imo kwenye maktaba ya jiolojia ya serikali katika Jumba la Madini, Barabara ya Machakos, eneo la viwanda jijini Nairobi. Chimbuko lake ni idara iliyoundwa mwaka 1933, baada ya dhahabu kupatikana Kakamega. Wanajiolojia waliigawa nchi vipande vipande, wakaokota mawe, wakachora ramani na kuandika ripoti, eneo baada ya eneo.

Hapo ndipo wengi hupotea. Mkazi wa Salgaa akiulizia ripoti ya Nakuru, atapewa Ripoti Na. 78 ya G.J.H. McCall, ya mwaka 1967. Ni ripoti nzuri, na Menengai imo, lakini haimfai. Mstari wa longitudo ya nyuzi 36 mashariki, unaotenganisha ramani hizo, unapita kati ya Salgaa na mji wa Nakuru. Salgaa imeangukia Ripoti Na. 86 ya eneo la Molo, ya D.J. Jennings, ya mwaka 1971. Majina nayo ni mtego: jalada la McCall linataja Thomson's Falls na Lake Hannington, yaani Nyahururu na Ziwa Bogoria za leo.

Kwa nini mwananchi ajisumbue? Mawe ya Bonde la Ufa yametokana na volkano, na maji yanayokaa ndani yake mara nyingi hubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto hugeuka kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Ramani haipimi maji. Inaonyesha aina ya mwamba na mahali ulipopasuka, ili mtaalamu ajue pa kuanzia.

Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la kipimo cha takriban 6.9 lilipiga Subukia, ndani ya kaunti hii. Waliokuwa watu wazima siku hiyo wote wameshatangulia mbele ya haki. Kinachomkumbusha leo mjenzi wa ghorofa kwamba ardhi hii hutikisika ni maandishi.

Na hifadhi hiyo haikufungwa. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kisima huchimbwa kwa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mchimbaji hutakiwa kuwasilisha rekodi: kina, mawe yaliyopitiwa, maji yaliyopatikana. Kisima cha kuchimbwa usiku bila kibali hakiachi kitu. Jirani atakayefuata ataanza upya, kwa pesa zake, gizani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mtambo, ulizia Ripoti Na. 86. Baada ya kuchimba, dai nakala ya rekodi ya kisima chako na uitunze pamoja na hati ya shamba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maji ni mali.